Kipande cha Kibwana

Bibi yangu Mashavu ukimwambia "siku hazigandi" anakukata jicho. Anasema zinaganda, tena kuna mtu anayezigandisha, na mtu huyo alikuwa baba yake mzazi.

Basi sikia. Enzi za Mwingereza hizo, mkonge ndiyo kila kitu. Baba yake Bibi, mzee Mhina, mtu wa Kwedizinga huku Handeni, alikuwa kazini kwenye shamba moja la mkonge kule Korogwe. Siyo mkata mkonge, hapana. Nyapara! Kofia ya kaki, fimbo mkononi, filimbi shingoni. Wenzake wanakata, yeye anapita anahesabu.

Na kuna kitu kimoja lazima ukijue hapa, maana bila hiki hutaelewa kilichotokea. Mkonge ulikuwa kazi ya kipande. Kipande ni kadi, ina vyumba thelathini. Ukimaliza kazi yako ya siku, chumba kimoja kinawekwa alama. Usipomaliza, siku hiyo haipo. Umetoka jasho, umechomwa na miba, lakini haipo. Vyumba vikijaa vyote thelathini ndiyo unakwenda ofisini, unasimama dirishani kwa karani, unapewa chako, na ukitaka kwenda kwenu unakwenda. Kisipojaa huendi popote.

Sasa nyapara akikuta mzigo wako una majani pungufu, anaupiga teke. "Haihesabiwi!" Basi, siku yako imeliwa. Na mzee Mhina alikuwa fundi wa teke hilo, yaani hata mzigo uliotimia akiamka vibaya anaupiga. Wakata mkonge wakampa jina: Mla Siku. Alilijua jina lake, na alikuwa analicheka.

Kwedizinga alikuwa anakuja mara moja moja, vipande vya watu wake vikijaa. Aliyeshika nyumba ni mkewe, Mama Mashavu. Watoto watatu: Bibi Mashavu mwenyewe, miaka kumi na minne, Mbaruku, kumi na moja, mdomo mrefu kuliko yeye, na Kibwana, kitinda mimba, miaka saba. Kibwana alijifunza kuhesabu kwenye ukuta wa jiko. Kila jioni mama yake alimpa mkaa achore mstari mmoja, halafu wanahesabu pamoja. "Kipande kikijaa, baba anakuja," mama anamwambia. Na kweli! Mistari ikifika thelathini, siku mbili tatu, baba huyo anatokea njiani na sukari guru. Kwa Kibwana hiyo ilikuwa dini. Aliyesafiri harudi kwa kulia wala kwa kuomba. Anarudi vyumba vikijaa.

Halafu Mama Mashavu akafa.

Mimba iliharibika, homa ikampanda, siku nne tu. Siku ya nne asubuhi alimshika Bibi mkono akamwambia, "Mashavu, wanangu wasitawanywe. Usikubali." Akazikwa mchana. Kibwana alikuwa amepelekwa kwa jirani asione, na watu wazima wakamwambia yale ambayo watoto wadogo huambiwa: mama amesafiri.

Mhina alifika kesho yake, akakuta kaburi bichi.

Siku ya tatu, kumaliza matanga, ukoo ukakaa. Shangazi Hamisa, dada yake mkubwa Mhina, aliyeolewa Magoma huko Korogwe, ndiye aliyeongea. Mama huyu alikuwa haongei sana, lakini akiongea hata mbuzi wanatulia.

"Mhina, wewe nyumba huijui. Unaijua kambi. Mashavu aende kwa mjomba wake, Mbaruku kwa baba yake mdogo kule Mkumbara, huyu mdogo nimchukue mimi."

"Dada, watoto ni wangu."

"Nani anabisha? Lakini wanakula nini, wananawa lini, nani anajua kama wanaumwa? Mwanaume anayekuja na sukari guru mara moja kwa mwezi!"

Bibi akapiga magoti katikati ya wakubwa. Hakuna aliyemruhusu! "Shangazi, mama alisema tusitawanywe. Tupeni mpaka arobaini. Mkija mkikuta nyumba haijasimama, mtugawe."

Shangazi akamtazama sana. "Haya. Mpaka arobaini. Nikikuta mtungi mkavu, mmoja tu, nawabeba siku hiyo hiyo."

Mhina aliacha kazi Korogwe. Hilo nampa, alikiacha cheo kile akarudi. Lakini siku za kwanza nyumba ilikuwa aibu tupu. Ugali unaungua, mbuzi wameingia kwenye kunde za watu, Mbaruku anasema zamu ya maji ni ya Kibwana, Kibwana anasema ni ya Mbaruku, na maji hayapo. Mhina anakaa kizingitini anawatazama kama mtu aliyepewa lori na hajui hata mlango unafunguliwaje.

Siku ya kumi akaenda Handeni mjini, dukani kwa Hassanali, akarudi na boksi tupu la sabuni. Akakaa nalo uani na kisu. Akakata kadi tatu. Kila kadi akaichora vyumba thelathini. Akatundika kipande cha reli kwenye mkwaju, akagonga. Ngeee!

"Jipangeni!"

Wakajipanga. Mashavu, Mbaruku, Kibwana.

"Kuanzia kesho kila mtu ana kazi yake. Mashavu, moto, kutwanga, kupika. Mbaruku, kuni, mbuzi, na kulinda ngedere shambani. Kibwana, maji vibuyu viwili asubuhi viwili jioni, na kuku unawafungulia unawahesabu. Jioni naweka alama. Asiyemaliza, haihesabiwi. Kipande kina siku thelathini. Mpaka arobaini vitakuwa vimejaa."

Mbaruku akainua mkono. "Baba, na wewe kipande chako kiko wapi?"

"Nyapara hana kipande."

"Kumbe! Basi na mimi nataka unyapara."

Akala kofi. Lakini Bibi anasema Kibwana hakucheka, na kwa kawaida Mbaruku akikohoa tu yeye yuko chini anagaagaa. Siku hiyo alikuwa ameishika kadi yake kwa mikono miwili.

"Vikijaa vyote thelathini, baba, ndiyo kama vile vya Korogwe?" akauliza.

"Ndiyo kama vya Korogwe," Mhina akajibu, huku anafungua fundo la kamba. Hakumtazama hata.

Aisee, nyumba ikanyooka! Reli inalia alfajiri, wanatoka. Unga unapimwa Jumamosi kama posho ya kambini. Majembe yana mahali pake, vibuyu vina mahali pake, mikeka inaanikwa siku zake. Ugali hauungui tena. Jirani wakawa wanapita makusudi kuchungulia. Mama mmoja akasema, "Mhina, umehamishia Korogwe hapa? Bado mzungu tu!" Wakacheka, ila walikuwa wanaona wivu.

Bibi mwenyewe alifurahi, na hakuona haya kuniambia. Alikuwa anahesabu vyumba kama mtu anayepanda ngazi. Kila alama ni siku moja karibu na kubaki pamoja. Kitu pekee kilichomsumbua ni kwamba mle ndani hakuna aliyekuwa anaongea. Jioni mama yao alikuwa na maneno mengi, hadithi, utani, kuwachokoza. Sasa jioni ni kadi. Unatoa, unawekewa mkaa, unaondoka, mwingine anasogea.

Siku ya kumi na saba ya kipande Kibwana akaamka na homa. Homa ile ya kutetemeka, meno yanagongana. Bibi akamwambia, "Lala. Nitakuchotea mimi."

"Ukinichotea wewe itahesabiwa?"

Bibi akamtazama baba yake mlangoni. Mhina akasema, "Kazi ya mtu haifanywi na mwingine." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini lala, mwanangu. Siku moja si kitu."

Siku moja si kitu! Kibwana akajinyanyua kwenye mkeka, akachukua kibuyu. Kisima kiko bondeni, kushuka tu mtu mzima unahema. Akaenda. Bibi akamfuata kwa nyuma akamkuta amekaa njiani, kibuyu kimekumbatiwa, macho mekundu. Akataka kumbeba, akakataa. Akataka kubeba kibuyu, akakishika kwa kucha. "Usiguse, Mashavu. Kisije kikaharibika kipande changu." Akarudi mara ya pili. Na jioni mara ya tatu na ya nne. Vibuyu vinne, mtoto wa miaka saba, na homa. Jioni akaileta kadi yake. Mhina akaweka alama.

"Kijana ana bidii," akasema. Alijivuna kabisa.

Bibi anasema hapo ndipo angepaswa kumuuliza: Kibwana, unakimbilia nini? Hakuuliza. Alidhani anakimbilia kile kile anachokimbilia yeye.

Arobaini ikafika. Ukoo ukaja, dua ikasomwa, watu wakala wali na nyama ya mbuzi. Na wali haukuungua! Shangazi Hamisa hakukaa na watu kwanza. Alizunguka. Akafunua mtungi: umejaa. Akapanda darini kutazama mahindi, akanusa mikeka, akamgeuza Mbaruku akamkagua nyuma ya masikio. Mbaruku akasema, "Shangazi, na kwapani utatazama?" Shangazi akampiga konzi, lakini alikuwa anatabasamu.

Akarudi uani mbele ya wote. "Haya. Mimi nilisema nyumba hii haitasimama. Imesimama. Watoto wabaki na baba yao. Sina neno lingine."

Bibi akakaa chini. Hakupiga hata kigelegele. Wamebaki. Wote watatu. Mama, nimefanya.

Hapo hapo Kibwana akatokea ndani. Amenawa uso, amevaa kanzu yake ya Iddi. Ameshika kadi kwa mikono miwili. Akapita katikati ya wazee mpaka kwa baba yake.

"Baba, kimejaa. Nimehesabu mara mbili." Akampokeza. "Mama anakuja leo au kesho?"

Mwanamke mmoja akaanza kulia, akazibwa mdomo na mwenzake. Mhina ameshika kadi. Bibi anasema mkono wake wa kulia ulikwenda shingoni, ukawa unatafuta filimbi ambayo hakuwa nayo tangu aache kazi.

Angeweza kusema. Angemkalisha mapajani akamwambia. Mtoto angelia, na watu walikuwapo wa kumshika. Lakini dada yake alikuwa anamtazama, ukoo unamtazama, na nyumba ilikuwa ndiyo kwanza imesifiwa. Akafanya kile alichokijua. Akaisogeza kadi karibu na macho, akaipitia kwa kidole, chumba baada ya chumba.

"Ya kumi na saba hii," akasema. "Haihesabiwi. Kibuyu kimoja kilikuja nusu."

Akalowesha kidole gumba kwa mate, akafuta.

Kati ya siku zote thelathini, akachagua ile!

"Siku hiyo nilikuwa naumwa," Kibwana akasema. "Na nikachota."

"Haihesabiwi."

"Mashavu aliniona." Akageuka. "Mashavu, si uliniona?"

Bibi alikuwa hapo, hatua nne. Aliona kila kitu. Akafungua mdomo, akamwona shangazi amesimama, khanga mkononi, ameshaanza kumtazama Mhina kwa jicho lile la siku ya matanga. Akiongea, inakuwa ugomvi, mtoto anaangua kilio, shangazi anabadili neno lake. Dakika kumi tu zilizopita walikuwa wamepewa kubaki pamoja.

"Sikumbuki," Bibi akasema.

Kibwana hakulia. Alichukua kadi yake akaingia ndani. Shangazi akasema, "Mhina..." Mhina akajibu, "Dada, niachie nyumba yangu. Nitamwambia taratibu." Na shangazi akaacha, maana alikuwa ameshatoa neno lake, na lori la kurudi lilikuwa linapiga honi barabarani.

Hakumwambia. Kesho yake akakata kadi mpya tatu.

Mbaruku ndiye aliyekuja kueleza baadaye, na tangu hapo mdomo wake ulipungua. Jioni ile Kibwana alimwuliza, "Wale watu wa Korogwe wakiliwa siku wanafanyaje?" Na yeye, kwa utani tu, akajibu, "Wanakwenda dirishani kwa karani kushitaki. Nenda ukamshitaki Mla Siku, utalipwa!" Akacheka. Kibwana akauliza, "Dirisha liko upande gani?" Akamwambia alivyosikia kwa baba: jengo la bati, dirisha linatazama reli.

Siku ya tatu yake reli ya kwenye mkwaju ikalia alfajiri. Wakatoka wawili. Kuku walikuwa wameshafunguliwa. Mlangoni vibuyu viwili, vimejaa mpaka shingoni, vimewekwa mahali pake. Alikuwa amemaliza kazi ya asubuhi kwanza, ndipo akaondoka.

Walimtafuta kisimani, shambani, makaburini. Jioni ndiyo wakasikia: utingo wa lori la Shamshudin, lililobeba mahindi kwenda Korogwe, alimpakia mtoto mmoja mwenye kanzu ya Iddi aliyesema anakwenda kwa shangazi yake Magoma. Hakukuwa na lori lingine. Mhina na Bibi wakatembea. Siku moja na nusu, mzee mbele, binti nyuma, hakuna aliyesema neno zaidi ya "pumzika" na "twende."

Wakafika shambani kwenye mkonge siku za malipo. Foleni ndefu, vumbi, watu na kadi zao. Na pale chini ya dirisha linalotazama reli, amekaa Kibwana, mgongo ukutani, kadi mapajani. Pembeni yake shangazi Hamisa. Karani, Dominiko, ndiye aliyetuma mtu Magoma kumwita, na ndiye aliyewaeleza.

Mtoto alifika juzi yake. Akapanga foleni kama watu. Wakata mkonge wakampisha wakidhani mchezo. Alipofika dirishani hakufikia, mtu akamnyanyua. Dominiko akaipokea ile kadi ya boksi la sabuni, akaona mkaa, akatabasamu, akahesabu.

"Ishirini na tisa."

"Ya kumi na saba imeliwa," mtoto akasema. "Nilichota nikiwa naumwa."

Dominiko ana watoto wake. Akachukua penseli yake ya ofisi akaweka alama. "Haya, bwana mdogo. Thelathini. Kimejaa."

Na Kibwana akamwuliza, "Atatokea mlango gani?"

"Nani?"

"Mama yangu."

Tangu hapo hakuondoka chini ya lile dirisha. Walimletea uji, walimletea viazi, alikula akiwa anatazama milango. Jengo lilikuwa na milango miwili, kwa hiyo alikaa mahali anapoiona yote.

Mhina aliposogea, foleni ikamtambua. Mzee mmoja wa mkonge, mikono imejaa makovu ya miba, akatoka kwenye mstari wake.

"Mla Siku! Kumbe na nyumbani ulikuwa unakula?"

Hakuna aliyecheka. Bibi anasema bora wangecheka.

Mhina akachuchumaa mbele ya mwanawe. "Kibwana. Mama amekufa. Hakusafiri. Amekufa siku ile, tumemzika. Hata vikijaa mia haji."

Kibwana akamtazama Bibi. "Mashavu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ya kumi na saba ulikuwa unakumbuka?"

Bibi anasema alitamani ardhi imle. "Nilikuwa nakumbuka."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Akaikunja kadi yake mara moja, akaitia mfukoni mwa kanzu, akasimama, akamshika shangazi mkono. Hakuvutwa. Alishika mwenyewe.

"Dada, naomba," Mhina akasema.

"Huna nyumba, Mhina," shangazi akasema. Wala hakupandisha sauti. "Una kambi nzuri sana. Wa kwangu nimemchukua. Mbaruku atafuatwa mwezi ujao. Huyu msichana akae akupikie mpaka aolewe, maana na wewe ni binadamu."

Kibwana akageuka kwa baba yake, akamuaga kama watu wazima wa pale wanavyomuaga nyapara kipande kikijaa, kichwa chini kidogo. "Nakwenda kwetu, bwana." Wakaondoka njia ya Magoma. Bibi alimfuata kwa macho mpaka mkonge ukamfunika, na hakugeuka, wala mtu hageuki akishamaliza thelathini.

Walirudi Kwedizinga. Mbaruku alikuwa amekaa kizingitini peke yake, akaona wamerudi wawili.

Asubuhi yake Mhina akagonga reli. Bibi anasema hajui alikuwa anafikiri nini, labda mkono ulijiendea tu. Bibi na Mbaruku wakatoka, wakajipanga. Nafasi ya tatu ikawa tupu. Mzee akasimama mbele yao anaitazama ile nafasi, jua linapanda, kuku wanalia bandani hakuna wa kuwafungulia. Wakangoja awaambie wasogee. Hakuwaambia, na wao hawakusogea.